Tangi Lililonyimwa Pumzi

Lori lilikata pumzi mahali ambapo hata nzi hakuwa na sababu ya kwenda.

Lilianza kwa kukohoa. Dereva akakanyaga mafuta, likaitika kwa uvivu, likakohoa tena, kisha mngurumo wote ukaporomoka na lile dude, na saruji yake mgongoni, likajikokota kidogo na kusimama katikati ya njia kama punda aliyesusa. Vumbi lililokuwa likiwafuata tangu asubuhi likawafikia, likawapita, likaenda zake. Mbele kulikuwa na tambarare ya changarawe na vichaka vya miiba, nyuma tambarare ileile, na juu jua lisilomwonea mtu haya.

"Limezima au umelizima?" fundi aliuliza.

"Nilizime hapa nifanye nini, shemeji? Nichume miiba?"

Walikuwa watatu kwenye kabini. Dereva, mtu mnene, mkongwe wa kazi, wenzake walimwita Taratibu kwa sababu hakuwahi kulikimbiza gari hata akiwa na njaa. Fundi wa injini, mwembamba kama kijiti cha kupimia oili, alikuwa mdogo wake marehemu mke wa dereva. Na katikati yao, mkoba mapajani, alikaa mama mzazi wa fundi, ambaye kwa dereva alikuwa mama mkwe. Alikuwa anahamia mjini kwa mwanawe. Tangu mkewe afariki, dereva hakujua kama bado ana haki ya kumwita yule mama "mama". Kwa hiyo hakumwita chochote. Alikuwa anakohoa kwanza, ndipo anasema.

Njia ile hawakuichagua wao. Barabara kuu ina lami, ina maduka, ina watu. Lakini barabara kuu ina mzani pia, na lori lilikuwa limeshindiliwa saruji kupita kiasi. Mkuu wa Usafirishaji, mtu ambaye hajawahi kuendesha kitu kizito kuliko kiti chake cha kuzunguka, aliwaambia kwa upole wapite njia ya zamani, ile iliyoachwa tangu lami ilipojengwa. Wakubwa huwa wapole sana wanapokutuma mahali ambapo wao hawaendi. Simu zilikuwa zimeshapoteza mtandao kabla hata chai ya asubuhi haijateremka tumboni.

"Mama, shuka," fundi alisema. "Kabini inainamishwa."

Walimketisha mama kwenye kivuli cha tela, wakailaza kabini mbele, injini ikabaki wazi, inatoa joto kama jiko la mkaa. Fundi akaizunguka bila kuigusa kwanza, mikono nyuma, kama daktari anayeogopa kuambukizwa.

"Kabla halijazima, moshi ulikuwaje?"

"Hakukuwa na moshi wa maana."

"Mweusi?"

"Nimekwambia hakukuwa. Lilidhoofika tu, kama mtu aliyelala njaa."

"Joto?"

"Mshale ulikuwa katikati. Na oili ipo, nimeiangalia asubuhi."

"Basi halijachemka wala halijaungua. Dizeli haifiki." Fundi akatabasamu kidogo. Fundi huyu alikuwa na ugonjwa wa kufurahi gari likiharibika. "Afadhali. Dizeli ni tatizo la kistaarabu."

Akalegeza skrubu ya kutolea hewa juu ya filta, dereva akaanza kusukuma kwa kidole gumba ile pampu ndogo ya mkono. Povu likatoka, jeupe, linasema fsss. Wakasukuma mpaka povu likaisha na dizeli ikaja safi. Skrubu ikakazwa, kabini ikarudishwa, starta ikapigwa. Lori likanguruma.

"Umeona?" fundi alisema, akipanda. "Hewa ilikuwa imeingia. Tumemaliza."

Hawakuwa wamemaliza. Hata mkoba wa mama haujatulia mapajani, lori likaanza kukohoa tena.

Mara ya pili walibadilisha filta. Ile ya zamani ilikuwa na uchafu wa kawaida, si wa kuua. Wakafungua kikombe cha chini kinachokusanya maji, wakakikausha kwa kanga ambayo mama aliitoa bila kuombwa. Lori likawaka, likaenda, likazima. Mara ya tatu fundi alifuata mpira wa dizeli kutoka kwenye pampu kurudi nyuma, anaukagua kwa vidole kila inchi, akakuta mahali palipochubuka, akapafunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli kwa ustadi ambao ungempendeza mshonaji. Lori likawaka. Likazima mapema kuliko mwanzo.

"Tatizo la kistaarabu," dereva alisema.

"Shemeji, ninyamazie."

Ndipo dereva alipokwenda kuchukua maji. Dumu lilifungwa kwa mnyororo nyuma ya kabini. Alipolinyanyua, likaja jepesi. Mnyororo ulikuwa umelisugua njia nzima mpaka ukatoboa ubavu, na maji yalikuwa yameondoka tone kwa tone, wao wamekaa mbele wanapiga soga. Kilichobaki kilikuwa chini ya tundu tu, cha kujaza sufuria moja.

Alilirudisha mikononi mwake kama amebeba mtoto mchanga. Fundi aliliona, akaacha kutabasamu.

"Na kwenye rejeta kuna maji mengi," mama alisema, akiangalia injini. "Nimeona mkiyatazama pale."

Dereva akakohoa. "Yale yana dawa ya kutu. Ukiyanywa, utatutangulia."

"Basi liacheni liyanywe lenyewe."

Wakapima. Kifuniko kimoja cha chupa kwa kila mtu, na kwa mama viwili. Mama akakataa cha pili. Fundi akamwambia mama, hiki si cha heshima, ni cha umri. Mama akamwambia ana bahati fimbo iko mbali.

Hawakuwa na mahali pa kutembea. Walikotoka palikuwa mbali, walikokwenda palikuwa mbali zaidi, na mama alikuwa na magoti ambayo hata ngazi ya kabini yaliilalamikia. Lori lile liwake au wafe nalo. Mambo yalikuwa mepesi kuelewa kiasi hicho. Usiku uliwakuta palepale, wakalala chini ya turubai, na alfajiri baridi ikawaamsha midomo imekauka kama ngozi ya ngoma.

Sasa, msomaji, wangekuwa watu wengine wangeanza kwenye tangi. Dizeli haifiki; si unaangalia inapotoka? Lakini watu hawa hawakuwa wameliangalia tangi hata mara moja. Walilizunguka. Waliruka kutoka kwenye mpira mpaka kwenye pampu, macho yao yakilipita tangi kama mtu anavyopita mlango wa polisi.

Sababu ilikuwa muhuri. Mkuu wa Usafirishaji aliamini madereva wote ni wezi wa dizeli. Kwa hiyo siku moja kabla ya safari ile, malori yote yakiwa yadini mjini, hayajaenda kupakia saruji, aliagiza kila mfuniko wa tangi ufungwe upya: raba chini, gundi nyeusi kuzunguka, waya juu, na kwenye waya muhuri wa madini ya risasi wenye namba. Alisimamia mwenyewe, suti na yote. Na kizibo cha chini cha tangi kikapigwa muhuri vilevile. Akasema atakayerudi na muhuri uliovunjika asijisumbue kupaki. Aache funguo getini aende kwao. Wala hakuwa anatania. Kabla ya hapo alishamfukuza mmoja ambaye muhuri wake ulikatwa na tawi la mti. Tawi halikuitwa kutoa ushahidi.

Taratibu alikuwa na mabinti wawili shuleni na hakuwa na kazi nyingine aliyoijua duniani. Kwa hiyo alilinda ule muhuri kama jicho. Hata alipokuwa anakojoa, alikuwa anakwenda upande wa pili wa gari.

Jua lilipochomoza, fundi alilala chali chini ya lori akautoa mpira wa dizeli kwenye pampu. Alitaka kujua kama njia imeziba. Akaweka mdomo, akavuta, ajaze dizeli kinywani na kuitema, kama mafundi wote wanavyofanya na wake zao wanavyowasuta. Dizeli haikuja. Akavuta kwa nguvu zaidi, mashavu yakamwingia ndani. Halafu akaacha kuvuta.

Mpira haukuacha.

"Sheeji," alisema.

"Nini?"

"Sheeji, uimi."

Dereva akainama kuchungulia. Fundi alikuwa ameng'ang'aniwa na mpira ulimi, macho yamemtoka. Akaunyofoa kwa mkono, ukatoka na mlio wa busu. Na mara ule mpira ukaanza kunywa hewa wenyewe, na ndani ya tangi kukasikika glu, glu, glu, kama mtu mwenye kiu amepewa mtungi.

Walibaki wakisikiliza. Mama naye alisikia, kule kivulini.

"Nani anakunywa?" aliuliza, kwa sauti ya kutaka haki.

"Tangi, mama," fundi alisema, akifuta ulimi kwenye mkono wa shati. Aliuchomeka tena mpira kwenye pampu, dizeli isije ikamwagika, akatoka chini ya gari taratibu, akaenda ubavuni. Kwa mara ya kwanza tangu waondoke, alilitazama lile tangi usoni. Ubavu wake wa bati ulikuwa umebonyea ndani, bonde kubwa kama la mto. "Hili bonde tulikuwa nalo tulipotoka?"

"Halikuwepo," dereva alisema.

"Nilidhani jiwe. Si jiwe. Shemeji, injini inanyonya dizeli, sivyo? Dizeli ikitoka, kitu lazima kiingie mahali pake. Mfuniko una kitundu cha kuingizia hewa, kidogo kama cha sindano, hata hukioni. Wamekiziba kwa raba na gundi. Tangi halipumui. Injini inavuta, tangi linavuta, wanavutana mpaka mmoja anashindwa. Tulipokwenda kupakia, lori tupu halikunyonya sana, ule mchubuko wa mpira ukalitosha; sasa, na mzigo, tukisimama hewa inapenya kidogo palepale, lori linawaka tena. Na mimi, fundi mzima, jana nikaufunga mchubuko wenyewe, kitundu pekee kilichokuwa kinatusaidia." Akacheka mpaka midomo iliyopasuka ikamtoka damu. "Nimeliziba pua, na wao walishaliziba mdomo."

"Basi tulifungue."

Dereva aliyasema mwenyewe, kisha akasikia alichosema. Akautazama muhuri. Uling'aa pale juani, mdogo, safi, hauna habari na mtu.

"Au," alisema, "tutoe mpira kila likizima. Tulipumzishe. Linywe hewa, turudishe, tutoe povu, tuwashe. Taratibu tutafika."

"Betri utaitoa wapi?"

Dereva alipanda, akageuza ufunguo nusu. Taa za dashibodi ziliwaka njano, za kuchoka. Walikuwa wamepiga starta mara nyingi sana jana. Kwa lori lililoshiba saruji, kwenye changarawe, hata jeshi lisingelisukuma likawaka. Fundi alisimama chini ya mlango, mkono kwenye ngazi.

"Imebaki moja, shemeji. Kwa kubahatisha labda moja na nusu. Ukiwasha na tangi limefungwa, litatupeleka mpaka pale kwenye kichuguu kile, lizime. Basi. Hatutoki tena."

"Najua."

"Unajua, mbona hushuki?"

Dereva alishika usukani kwa mikono yote miwili. "Nikirudi na muhuri umevunjika, nani atanisikiliza? Niwaambie tangi lilikosa pumzi? Watanicheka. Watasema nimeuza dizeli kwa wenye mashine za kusaga, halafu nimetunga hadithi. Wanangu watakula hadithi?"

Kwenye dumu maji yalikuwa yamebaki ya kulowesha kitambaa. Dereva aliyajua hayo vizuri kuliko wote, kwa kuwa asubuhi ile alikuwa amejifanya anakunywa, akayarudisha maji ya kifuniko chake dumuni.

Basi wakasikia pigo.

Halikuwa kubwa. Lilifuatwa na jingine. Dereva akachungulia kwenye kioo cha pembeni akamwona mama mkwe wake, kanga imefungwa kiunoni, magoti yake mabovu yameegemea tairi, ameinua nyundo ya fundi kwa mikono miwili.

"Mama!" fundi alipaza sauti.

"Kelele." Akapiga. Waya ukapinda. "Mimi kampuni hii hainijui. Hawakuniajiri, hawatanifukuza." Akapiga, muhuri ukaruka, ukadunda kwenye jiwe, ukapotea miibani. "Mkwe wangu akiulizwa ataapa hakuugusa, na kiapo chake kitakuwa cha kweli. Haya, gundi yenu hii inatolewaje? Mkono unaniuma."

Dereva alishuka. Alikuwa mtu mnene lakini alishuka kama kijana. Alisimama mbele ya yule mwanamke, ambaye alifanana na marehemu mkewe pale tu alipokasirika, na sasa alikuwa amekasirika sawasawa. Hakukohoa.

"Mama," alisema, "nipe nyundo."

"Nimeshavunja, we huna haja—"

"Nipe, mama. Kazi iliyobaki ni yangu."

Akampa. Dereva akachukua bisibisi bapa, akaitia kwenye ukingo wa gundi, akagonga, akazunguka, akagonga. Gundi ikabanduka kama ukoko wa wali. Fundi akaja na spana kubwa, wakaubana mfuniko, wakauzungusha wote wawili, mishipa imewasimama shingoni.

Tangi likavuta pumzi. Lilivuta kwa sauti ndefu, nene, kanga ya mama ikapepea kuelekea mdomo wa tangi, na lile bonde la ubavuni likarudi mahali pake kwa kishindo kimoja, bumm, kama mtu amepiga debe. Mama akaruka nyuma, magoti na yote.

"Lilikuwa linakufa kweli," alisema.

Walifunika mdomo wa tangi kwa kitambaa cha kanga ili vumbi lisiingie, wakakifunga kwa waya uleule wa kampuni. Fundi akafungua vile viraka vyake, akaukata mpira pale penye mchubuko na kuuunga upya kwa kibano. Wakatoa povu bila haraka, maana haraka sasa ilikuwa inauzwa ghali. Dereva akapanda. Fundi akabaki chini, mkono kwenye pampu ya mafuta, kama mkunga.

Starta iliguna. Ikazunguka mara moja kwa uzito, ikasita, ikazunguka tena kama inayomburuta ng'ombe. Taa zikafifia kabisa. Kisha silinda moja ikashika, mbili, moshi mweupe ukafuka, lori zima likatetemeka mpaka vumbi la saruji likamwagika pembeni, na mngurumo ukatulia kuwa ule mnene wanaoujua.

"Usiizime hata ukimwona shetani barabarani," fundi alisema, akirukia ngazi huku gari linatembea.

"Nikimwona nitampa lifti, labda ana maji."

Tone la mwisho alikunywa mama, na safari hii hakubishana. Walivuka tambarare mpaka jua likapita utosini, madirisha yamefungwa kwa vumbi, ndimi zimevimba. Mama alilala. Kichwa chake kikamwangukia dereva begani, na dereva akaendesha saa zile zote bila kulitikisa bega, akibadilisha gia kwa kunyoosha kiwiko tu. Fundi aliona, akageukia dirisha lake, akabaki anaangalia miiba.

Nguzo ya kwanza ya umeme walipoiona, fundi aliipigia saluti.

Walisimama kwenye bomba la maji nje ya geti la yadi, kabla hata ya kupiga honi. Dereva akamnywesha mama kwanza, kidogo kidogo, kwa kiganja, kisha wao wakaweka vichwa chini ya bomba wakacheka ndani ya maji kama vichaa. Hapo ndipo dereva alipoizima injini, akachomoa funguo.

Mkuu wa Usafirishaji akatoka. Shati lake lilikuwa jeupe namna ambayo iliuma macho. Hakuuliza mbona mmechelewa, wala mbona midomo yenu inatoka damu, wala huyu mama ni nani. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi, akaona kanga.

"Nani amevunja muhuri?"

"Mimi," mama alisema.

"Ni mimi, mkubwa," dereva alisema.

"Mwongo huyo. Nyundo nilishika mimi."

"Mama, nyamaza kidogo. Ni mimi, na kesho nikikuta mwingine nitauvunja. Funguo hizi hapa." Akamnyooshea, jambo lililomshangaza yeye mwenyewe kuliko mtu yeyote.

"Vizuri," Mkuu alisema. "Ushahidi ninao. Nitawasubiri na wenzako, nimalizane nanyi wote pamoja."

Bawabu, ambaye alikuwa ameegemea geti anakula karanga, akaacha kutafuna. "Utasubiri sana, mkubwa. Hili ndilo la kwanza kufika. Tangu juzi, katika yale uliyoyafunga, hakuna lililorudi. Nilidhani unajua."

Yadi nyuma yake ilikuwa tupu, mafuta yamekauka ardhini. Mkuu alilitazama lile eneo tupu. Fundi akamweleza kwa maneno machache, bila kupaza sauti, kitundu ni kipi na gundi iliziba nini. Aliposikia neno gundi, Mkuu alijishika kola kama inambana.

"Njia zote za zamani?" dereva aliuliza. "Wote umewatuma kukwepa mzani?"

Mkuu akatikisa kichwa kukubali. Kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu anayeweza kusikia kiu.

"Basi shemeji, jaza madumu yote uyaweke kwenye pikapu ya yadi," dereva alisema. "Bawabu, betri yenye chaji, na kebo. Mama, unabaki upumzike."

"Nibaki nifanye nini? Nichume miiba?" mama alisema, akapanda mbele.

"Na mimi?" Mkuu aliuliza.

"Wewe unapanda nyuma, mkubwa, na madumu. Utatuonyesha ulikowapeleka."

Wa kwanza walimkuta jua linaelekea kuzama, dereva mwembamba aliyekaa kwenye kivuli cha lori lake, vipande vya pampu vimepangwa mbele yake juu ya gunia kama samaki sokoni. Tangi lake lilikuwa limebonyea hadi linatia huruma, na muhuri wake ulikuwa mzima, unang'aa. Fundi akampelekea maji. Taratibu akaitoa nyundo chini ya kiti cha pikapu, akaigeuza mpini mbele, akampa Mkuu wake.

Mkuu akaipokea. Pigo la kwanza alikosa, la pili akajigonga kidole, la tatu muhuri ukakatika, na mfuniko ulipolegezwa tangi likavuta pumzi kwa nguvu mpaka tai yake ikapepea. Wakacheka wote, na yule aliyekuwa na kiu akacheka huku maji yanamtoka puani, na hata Mkuu, kidole mdomoni, akacheka kidogo.